Walioagizwa Kuokota Mabaki

Katika Injili ya Yohana, baada ya watu elfu tano kula na kushiba, kuna agizo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka ili wabaki na muujiza wa mikate. Yesu anawaambia wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa neno letu ni moja tu: mwanafunzi ni yule aliyemfuata Yesu kando ya ziwa, na mwanafunzi ni huyu aliyekaa darasani Masasi leo na daftari na kikokotoo chake. Msomaji wa Kiswahili anaisoma habari hiyo bila kuhitaji ufafanuzi: wanafunzi waliagizwa kuokota mabaki. Hawakuulizwa kama wana moyo wa kujitolea. Na agizo halikwenda kwa umati uliokula, wala kwa yule mvulana aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili. Lilikwenda kwa wale waliokuwa karibu na mwalimu, waliokuwa bado wanafundishwa.

Swali ninalolijadili limo ndani ya agizo hilo. Katika vyuo vingi duniani mwanafunzi wa uhandisi sasa anapewa kazi ya huduma iwe sehemu ya somo lake: atoke darasani, atafute tatizo la watu wanaomzunguka, alipime, atengeneze kitu cha kulipunguza, kisha apewe maksi kwa alichofanya. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianza mpango wa namna hiyo kwa wahandisi mwaka 1995, na vingine vikafuata. Tatizo linalochaguliwa mara kwa mara ni taka za chuo chenyewe, kwa kuwa ziko karibu, zinanuka, na kila mwanafunzi amechangia kuzirundika. Je, kazi hiyo ni huduma kweli? Mtu aliyeagizwa, ambaye akikataa anafeli na akitii anapata A, ana tofauti gani na kibarua anayelipwa kwa kilo? Na kama hakuna tofauti, kwa nini tuipe kazi yake jina la heshima? Jibu langu ni kwamba ni huduma, ila tumekosea kuihesabu katika fungu la sadaka. Ni deni. Deni linaweza kudaiwa, likaandikwa daftarini na likapimwa, na heshima yake isipungue. Linaharibika pale tu linapolipwa kwa asiyelidai, na mwenye kudai akabaki mikono mitupu.

Nitalipimia jambo hili Masasi na Newala, mahali ambapo hakuna chuo kikuu cha uhandisi lakini ufundi una historia ndefu. Chini ya uwanda wa Makonde, Ndanda, Wabenediktini waliofungua misheni yao mwaka 1906 wamelea mafundi kwa vizazi. Masasi na Newala vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, tunda la mpango ulioanza mwaka 1975 kwa mfano uliotoka Sweden. Vijana waliofaulu zaidi hupanda basi kwenda Dar es Salaam, ama Chuo Kikuu ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, ama Taasisi ya Teknolojia iliyozaliwa kutoka chuo cha ufundi cha mwaka 1957, na baadhi hurudi kusini wakati wa mafunzo kwa vitendo. Lakini sababu kubwa ya kuchagua hapa ni maji. Masasi imekaa bondeni kati ya milima yake ya mawe. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, juu, ukitazama chini unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Udongo wa uwanda ule hunywa mvua yote na kuificha mbali sana chini. Kwa miaka mingi wanawake waliteremka makorongo kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950 chini ya Mwingereza, ni kazi ya kuyasukuma maji kwa pampu kutoka bondeni mpaka juu, na hadi leo nyumba nyingi huchimba tangi la kuvunia mvua ya bati. Mahali kama hapo huwezi kuzungumzia taka, usafi wala huduma kwa maneno ya jumla. Kila tendo lina gharama yake kwa ndoo.

Tuanze na pingamizi lenye nguvu kuliko yote, la nia. Waislamu, ambao ni wengi Newala, hufundishwa tangu madrasa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa urefu juu ya ria, ule ugonjwa wa kutenda jema ili watu waone. Wakristo nao wameambiwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja kwa sababu sifa nzuri huleta biashara: ametenda haki, alisema, lakini tendo lake halina thamani ya kimaadili, maana limefuata faida. Watatu hao, kila mmoja kwa njia yake, wanamhukumu mwanafunzi anayepanga mapipa matatu ya rangi tatu mbele ya jengo la utawala, akapigwa picha na ufagio mpya, kisha akaibandika picha kwenye ripoti. Huyo ameshapata ujira wake. Miezi mitatu baadaye mapipa yale matatu yanamwagwa kwenye shimo lile lile moja, kwa kuwa hakuna aliyefikiria gari la kuyabeba kwa mafungu, na siku ya upepo mtulivu shimo linawashwa moto.

Hata hivyo pingamizi hilo linadhani kwamba amri na nia haviwezi kukaa nyumba moja, na dini hizo hizo zinakataa. Zaka ni faradhi. Ina kiwango chake, asilimia mbili na nusu ya mali iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka, na Kurani inawataja hata wenye kazi ya kuikusanya. Hakuna Mwislamu anayesema kwamba zaka si ibada kwa kuwa ni ya lazima. Sababu yake ni nzito: sadaka hutoka katika mali yangu, ilhali zaka ni haki ya maskini iliyokuwamo ndani ya mali yangu tangu mwanzo. Nikiitoa kwa moyo safi napata thawabu. Nikiitoa kwa kuogopa mkusanyaji nakosa thawabu, lakini maskini amepata haki yake. Hapo tunaona kuwa tumekuwa tukichanganya maswali mawili. Moja linauliza tendo limefanya nini katika roho ya mtendaji. La pili linauliza kama mwenye haki amepewa haki yake. Maksi haziwezi kulijibu la kwanza, na mhadhiri asijaribu, kwani si kazi yake kupima mioyo. La pili anaweza kulijibu, na anapaswa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kusini hawahitaji kufundishwa na mwanafalsafa yeyote. Kijana anayepelekwa jandoni haulizwi kama yuko tayari. Anapelekwa, anafundwa, anatoka na jina la mtu mzima na mzigo wake. Wamisionari wengi waliona humo giza tupu na kutaka jando lipigwe marufuku. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona tofauti: alilichukua jando akaliingiza ndani ya kanisa, likawa na sala na mafundisho yake. Namna alivyofanya inaweza kubishaniwa, na wanahistoria wamebishana, lakini alielewa kwamba moyo wakati mwingine hufuata miguu. Aristotle alikuwa amesema jambo la jamaa hiyo hiyo, kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara. Mwanafunzi anayeshuka katika shimo la taka kwa ajili ya maksi anaweza kupanda akiwa na swali ambalo maksi hazilimalizi. Si lazima itokee. Ila haitatokea kwa yule asiyeshuka.

Sasa deni lenyewe. Julius Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye amepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo umezoeleka kiasi kwamba tumeacha kuusikia. Unasema kwamba elimu ya mmoja ni njaa ya wengine, tena kwa hesabu, si kwa kupamba maneno. Mkulima wa korosho wa Newala anayekatwa ushuru kila kilo ghalani, na mama anayenunua maji kwa dumu, wamemlipia mwanafunzi maabara ambayo hawataiona. Lakini historia ya deni hili katika nchi yetu ina jeraha, na asiyelitazama jeraha hilo hana haki ya kulidai deni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu mia nne walifukuzwa. Katika malalamiko yao waliwanyoshea kidole viongozi waliokuwa wakiwataka vijana wajinyime ilhali mishahara yao ni mikubwa, na Nyerere, aliyewafukuza, aliona hoja hiyo imegusa kweli: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata. Ninavyolisoma tukio lile, wanafunzi walikosea kulikana deni na walikuwa sahihi kuuliza nani analidai. Swali hilo halijazeeka. Chuo kinachoweka chupa ndogo ya maji mbele ya kila mjumbe wa kila kikao, kisha kikawatuma wanafunzi kuziokota chupa hizo kwa jina la huduma, kitajibiwa kama serikali ilivyojibiwa mwaka 1966, hata kama jibu litakuwa la kimya.

Jeraha la pili ni la shuleni. Machi 1967 Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule iwe na shamba na karakana na wanafunzi wajifunze kwa kuzalisha. Mpango ulikuwa wa maana. Lakini katika shule nyingi shamba likageuka mahali pa adhabu: aliyechelewa namba alipelekwa kulima, aliyepiga kelele aliokota karatasi, mkaidi alisafisha vyoo. Karibu kila mtu aliyesoma Tanzania amefundishwa hivyo, kwamba kushika takataka ni kulipia kosa. Fundisho hilo linaingia ndani zaidi kuliko somo la uraia. Linatuambia kwamba mfagiaji wa chuo, anayeokota kila siku, ni mtu aliyeadhibiwa na maisha, na kwamba msomi ni yule aliyeachiliwa. Ndiyo maana siioni kazi ya wanafunzi kwenye taka kuwa jambo dogo la mazingira. Inagusa namna tunavyowaona watu. Mila zetu zinafundisha usafi, dini zetu zinauita sehemu ya imani, na wakati huo huo tunamdharau mwenye kuutenda.

Hebu tukaribie kitu kimoja. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyotupwa nyuma ya bweni, ikiwa na kifuniko chake. Macho yanaona kitu kimoja. Mhandisi anaona viwili. Mwili wa chupa ni plastiki inayoyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selisiasi. Kifuniko mara nyingi ni cha jamii ya plastiki ya madumu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ukiviyeyusha pamoja havishikani vizuri, na tofali au bomba utakalopata litapasuka mapema. Lazima vitenganishwe, na vitabu vinaeleza njia rahisi isiyohitaji umeme: katakata vyote vipande vidogo, mimina katika beseni la maji, koroga. Vipande vya chupa vinazama, kwa kuwa ni vizito kuliko maji. Vya kifuniko vinaelea. Ukikinga vya juu kwa chujio na kumwaga vya chini, kazi imekwisha. Ni somo zuri la fizikia, na mwanafunzi wa mwaka wa pili analifanya kwa dakika kumi.

Sasa lipandishe beseni hilo Newala. Maji yale yamesukumwa na pampu kutoka bondeni, au yamevunwa kutoka kwenye bati na kuwekwa tangini kusubiri kiangazi, au yamenunuliwa kwa dumu. Vipande vya plastiki iliyookotwa vina uchafu wa soda na udongo, kwa hiyo maji ya kwanza yanachafuka upesi na kitabu kinashauri yabadilishwe. Mwanafunzi anayefuata kitabu neno kwa neno ataokoa kilo chache za plastiki kwa kutumia maji ambayo familia ingepikia na kufulia. Mwislamu anafundishwa asifanye israfu ya maji hata akitawadha kando ya mto unaopita, na akikosa maji ameruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi; sheria yenyewe imekubali kwamba usafi unapaswa kuangalia mahali. Uhandisi usioangalia mahali umekuwa mgumu kuliko sheria. Basi mwanafunzi atalazimika kufikiri upya: afute vipande vikiwa vikavu kabla ya kuvilowesha, ayachuje maji kwa mchanga ayatumie tena na tena, atumie yale yaliyokwisha kuoshea vyombo, au aachane na beseni kabisa na kutenganisha vifuniko kwa mkono pale chupa inapookotwa, jambo linalochukua nukta moja tu kama aliyetupa amefunzwa kukifungua. Hapo ndipo maarifa yake yanageuka huduma, na kilichoyageuza si moyo wake mwema. Ni mama mwenye ndoo, aliyeruhusiwa kusema hapana. Mwenye deni amekutana na anayemdai.

Na mwanafunzi huyo atagundua kwamba hakuanza yeye. Sokoni yupo fundi wa kuziba madumu. Anapasha chuma motoni, anachukua kipande cha plastiki kutoka dumu lililokufa, anakiyeyushia juu ya ufa wa dumu linaloishi. Anajua kwa kugusa na kwa harufu kipande gani kitashika na kipi kitabanduka. Hajui nyuzi 130, lakini hajawahi kulizibia dumu kwa plastiki ya chupa. Dumu la njano la mafuta ya kula, likiisha mafuta, linaanza maisha yake marefu zaidi ya kubeba maji. Kopo hugeuka koroboi, tairi hugeuka katambuga, bati chakavu hugeuka jiko la mkaa. Neno urejelezaji limekuja juzi, tendo lilikuwapo. Ukweli huu huzaa pingamizi la haki: kama maskini wanarejeleza tayari, mwanafunzi anaenda kufanya nini isipokuwa kuwapokonya? Wako watu wanaoishi kwa kuokota chupa na vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo. Chuo kikiweka mtambo wake na kufunga geti, kimeweka ulinzi juu ya mabaki ambayo yalikuwa chakula cha mtu. Pingamizi hilo nalikubali lote, na linanisaidia. Linaonyesha kuwa anayedai yupo na anajulikana. Mradi wa taka wa chuo usiomwacha mwokota chupa akiwa na kipato kikubwa zaidi, au walau mikono isiyokatwa na vigae, umelilipa deni kwa mtu mwingine.

Kwamba hatari hiyo si ya kufikirika, kusini inajua kuliko mikoa mingi. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho ghafi zipatazo tani 145,000. Nchi ikakopa na kujenga viwanda kumi na viwili vya kubangua, kwa mitambo ya Japani na Italia. Newala na Masasi zilipata vyake. Mavuno nayo yakaporomoka, kwa bei duni, kwa watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao wakati wa vijiji vya ujamaa, na kwa ugonjwa wa ubwiri unga, hata kufikia katikati ya miaka ya 1980 hayakutimia tani 20,000. Viwanda vingi vikafungwa na kuwa maghala. Korosho ikaendelea kusafirishwa ghafi, pamoja na maganda yake na mafuta yaliyomo, ibanguliwe India na baadaye Vietnam. Wahandisi waliochora viwanda vile hawakuwa wabaya, na hesabu zao za mashine zilikuwa sawa. Hawakulazimika kumjibu mkulima ambaye mikorosho yake ilikuwa imeachwa porini, wala mbanguaji wa mkono aliyejua korosho ipi hupasuka. Nikiulizwa mabaki makubwa kuliko yote ya Masasi na Newala ni yapi, sitaonyesha chupa. Nitaonyesha majengo yale. Somo la huduma, likifundishwa vizuri, ni chanjo dhidi ya kosa hilo, kwa kuwa linamweka mhandisi mchanga mbele ya mtu anayeweza kumkatalia, wakati kosa lake bado ni la beseni moja la maji na halijawa la mkopo wa taifa.

Kuna wanaosema mzigo huu si wa mwanafunzi hata kidogo. Ni wa kiwanda kinachotengeneza chupa na serikali inayokiruhusu. Wana hoja. Mifuko ya plastiki haikuondoka mitaani kwa sababu watu waliiokota sana. Iliondoka kwa sababu ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kama Zanzibar ilivyokuwa imefanya mapema zaidi. Sheria moja ilifanya ambayo vikapu elfu visingefanya. Ila sheria huandikwa na watu wanaojua, na maarifa hayo hutoka kwa aliyepima. Chuo ambacho wanafunzi wake wamepima taka zake kwa muhula mzima, kwa mizani na daftari, kitajua mambo ambayo wizara haiwezi kuyajua kutoka mbali: kwamba sehemu kubwa ya uzito si plastiki bali ni makombo na maganda ya jikoni, ambayo yangekuwa mboji katika udongo ule mkavu, kwamba makombo hayo yakipelekwa kwa mfuga nguruwe, jirani Mwislamu ana neno la kusema na lazima asikilizwe, kwamba mabomba na nyaya vikichomwa pamoja na karatasi moshi wake una asidi na sumu ya dioksini, na nyumba zilizo upande wa upepo ndizo zinazouvuta. Kuokota bila kupima ni usafi wa Jumamosi. Kupima na kunyamaza ni ripoti ya kabatini. Deni la mwanafunzi linamtaka afanye yote mawili kisha aseme, hata mbele ya mkuu wa chuo, hata mbele ya halmashauri.

Pingamizi la mwisho ni la dhamiri zaidi: kwamba urejelezaji hutupa ruhusa ya kuendelea kutupa. Mtu akiona pipa la bluu anajisikia amesamehewa. Ni kweli kwamba baadhi ya watu hulitumia pipa kama kitubio cha bei nafuu. Lakini turudi kwenye vile vikapu kumi na viwili. Vilikusanywa baada ya chakula kisichokuwa na mpaka, mikononi mwa mtu ambaye, kwa imani ya wale waliokuwapo, angeweza kuzidisha mikate tena kesho yake. Kama kuna mahali ambapo mabaki hayakuwa na thamani ya kiuchumi, ni pale. Agizo likatoka hata hivyo. Siwezi kulisoma isipokuwa kwamba kitu kilichoumbwa na kutolewa kina haki yake hata kinapobaki, na kwamba wanaofundishwa ndio wa kwanza kufundishwa hilo, kwa kuinama. Mtu aliyekwisha kuinama hivyo, akazijua chupa kwa idadi na kwa uzito, ni mgumu sana kumuuzia mpya bila sababu.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu na wahadhiri wa vyuo, vya Masasi na Newala na vile vya Dar es Salaam vinavyopokea vijana wa huko. Endeleeni kuagiza, msione haya, na toeni maksi. Lakini msizitoe peke yenu. Muhula unapofungwa wanafunzi hupanda mabasi kurudi kwao, na shimo la taka hubaki na mtu mmoja anayelijua kuliko wote. Kabla hamjaandika alama yoyote, mwiteni mfagiaji, mpeni kiti, muulizeni kama mzigo wake umepungua tangu kazi ianze, maji kiasi gani yametumika, moshi umekwenda upande gani, na mwokota chupa wa getini amepata au amepoteza. Kisha liandikeni jibu lake kwenye ripoti, kwa maneno yake mwenyewe, na maksi ziyafuate hayo.